Dakika Nne za Bibi Emilia

Nkuhungu, Dodoma
3 Machi 2025

Dada Shamimu,

Salamu nyingi kutoka hapa studio. Naamini mfungo umeanza vizuri na mama anapata nafuu. Tangu uondoke kwenda kumuuguza, kiti chako kimekaliwa na feni mbili mbovu na hakuna wa kunisahihisha sarufi.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Video ni nzito, haipiti kwenye simu, na najua huko Haubi mpaka mtu apande kilima ndipo apate mtandao. Ni kazi ya umoja wa wakulima wa zabibu wa kijijini kwetu, upande wa Makutupora. Mwezi Mei wanatimiza miaka ishirini na tano, wanataka filamu ya dakika ishirini. Mzee wangu, Ebenezer Malogo, ndiye mwenyekiti, na ndiye aliyepanda mizabibu ya kwanza pale, kwa hiyo utamwona sana. Usiseme nampendelea, kamati ndiyo imetaka.

Aliyepiga picha ni Abbasi, mpiga picha wetu mpya kutoka Tanga. Mimi sikwenda. Picha ni nzuri ila maiki ilitusaliti, hakuna sauti kabisa. Nataka uandike maelezo ya kusomwa juu ya picha, mwanzo mpaka mwisho, nami nitayasoma mwenyewe.

Sehemu moja ni ngumu. Kuanzia dakika ya kumi na moja kuna bibi mmoja, Bibi Emilia, amesimama kati ya mizabibu anaongea na kamera dakika nne nzima. Nilitaka kumkata, lakini kamati waliiona picha wakaupenda uso wake. Wanasema asikosekane. Mjazie maneno ya shukrani: mavuno, maji, watoto wamesoma. Unajua mwenyewe.

Kaka yako,
Yotham


Haubi, Kondoa
9 Machi 2025

Kaka Yotham, shikamoo.

Flashi imefika. Kondakta aliiacha dukani kwa Mudrick pamoja na sukari yetu ya futari. Mama hajambo kidogo. Kusikia bado hasikii, huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu ile homa ya uti wa mgongo, lakini tumeshazoea. Tunaongea kwa kutazamana.

Dakika kumi za kwanza nimeziandika bila taabu, utazikuta humu. Shida ni bibi yenu.

Unajua ninavyofanya kazi. Nasoma kwa sauti huku picha inatembea, sentensi iishie pale picha inapoishia. Niliandika: "Bibi Emilia anaushukuru umoja kwa yote uliyomtendea." Nilipofika kwenye "anaushukuru", bibi akatikisa kichwa. Polepole, kama mtu anayemkatalia mtoto. Nikasema ni bahati tu, nikaisogeza sentensi mbele sekunde tano, nikasoma tena. Akatikisa tena, kwenye neno lilelile.

Baadaye nilihesabu nikaona kwamba katika zile dakika nne anatikisa kichwa mara saba, kwa hiyo si ajabu kugongana naye. Nilijituliza hivyo. Lakini kaka, nimejaribu "anafurahi", nimejaribu "anajivunia", na kila mara ananikatalia. Neno moja tu alilipokea. Wala sikuwa nimeliandika, lilinitoka mdomoni: "anasubiri." Hapo alinyamaza, akaangalia kamera moja kwa moja, mpaka nikafunika laptopu.

Anasema nini? Abbasi hakumbuki hata kidogo? Na kwa nini hapiti pale mbele yake? Naona mkono wa Abbasi ukimwita asogee, naye anasogea kwa kuzunguka, kama kuna mtu amelala pale na hataki kumwamsha.

Shamimu


Nkuhungu, Dodoma
14 Machi 2025

Dada Shamimu, marahaba.

Abbasi hajui Kigogo, hakuelewa kitu. Yule bibi akili yake haijatulia tangu zamani. Kijijini wanamwita bibi anayeongea na ardhi. Usimtafutie maana. Usimtazame mdomo, tazama majani ya mizabibu nyuma yake, andika kuhusu majani.

Nimeanza kurekodi dakika zako kumi. Nakutumia kipande kwenye flashi nyingine. Kisikilize kwa hedifoni, tena mahali palipo kimya, uniambie kama unasikia kitu kinagonga nyuma ya sauti yangu. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nimebadilisha maiki. Nimezima feni. Juzi nilirekodi nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, na bado kipo. Fundi wetu anasema hasikii. Wewe una sikio zuri.

Yotham


Haubi
20 Machi 2025

Kaka Yotham, shikamoo.

Nimesikiliza mara tano. Hakuna kinachogonga. Nakusikia wewe tu unapumua. Ila kila ukifika kwenye neno "kisima" unasita kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi mbovu. Labda urudie hapo.

Sasa kuna mawili ya kukuambia.

La kwanza ni ile picha ya droni. Mistari ya mizabibu imenyooka kama imepigwa rula, lakini kwenye kona ya kusini kuna duara ambalo halikupandwa kitu. Ni kama upana wa chumba cha kulala. Mistari ikifika pale inapinda, inalikwepa, halafu inaendelea. Ukingoni mwa duara hilo ndipo bibi aliposimama.

La pili ni mama. Jana baada ya futari nilikuwa nimekaa mkekani na laptopu, yeye anachambua choroko kwa ajili ya daku. Akainua kichwa, akamwona bibi kwenye kioo. Akamsalimia, "Mbukwa."

Nikadhani amenichanganya na mtu. Mama hasalimii televisheni. Lakini akaacha choroko, akasogea, na kila bibi alipotulia mama alijibu. "Ehee." Kimya. "Ehee." Kisha akaanza kuongea Kigogo, lugha ambayo sijamsikia akiisema tangu niko mdogo. Sikuwahi kukusimulia kwa sababu haikuwahi kuhitajika: marehemu baba alikuwa na duka Bahi miaka tisa, na mama ndiye aliyekuwa akikaa dukani. Na tangu masikio yake yafe, anasoma midomo. Hata mtu akiwa upande wa pili wa barabara, yeye anajua anasema nini.

Mwishoni alikuwa analia. Nikamshika bega, nikamuuliza bibi anasema nini. Alifunga laptopu kwa kiganja chake.

"Huyu anaongea na mtu," akaniambia. "Si wewe."

Mpaka sasa hajasema zaidi. Anasema niache mwezi huu upite.

Shamimu


Dodoma
25 Machi 2025

Shamimu,

Rudisha flashi zote mbili kwa basi la kesho. Bibi nimeamua kumkata, na kamati nitaongea nao. Kazi yako imeishia hapo, asante.

Mama yako ni mgonjwa, na ana miaka mingi hajaisikia lugha hiyo. Asikutie hofu. Usimwonyeshe mtu mwingine, na usimtafute Abbasi.

Nasikia kugonga hata nikiwa sijawasha chombo chochote. Nikiweka sikio ukutani hakuna kitu. Nikiliondoa, kipo.

Yotham


Haubi
2 Aprili 2025

Kaka Yotham,

Idi ilikuwa juzi. Jana asubuhi mama alioga, akavaa kanga mpya, akaniambia niwashe laptopu na nichukue kalamu. Alikuwa hataki kulibeba jambo hili ndani ya Ramadhani. Alimtazama bibi mara nne, mwanzo mpaka mwisho, na mimi niliandika alivyokuwa akinitafsiria. Mahali alipogeuza uso hatukupata. Mengine ni haya:

"Mbukwa, wewe uliye ndani ya hicho kioo. Mimi ni Emilia, mama yake Matonya. Mwanangu alikuja hapa kumchimbia Malogo kisima, mwaka ule mvua zilipokataa. Walisema ameondoka, amekwenda machimboni. Hakuchukua shuka lake. Nani anakwenda machimboni bila shuka?

"Siku ile nilipita hapa na kuni kichwani, nikasikia kugonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Ndivyo anavyogonga ndoo akitaka kuvutwa. Kisima kilikuwa kimejaa udongo karibu nusu. Nikamuuliza Malogo, ni nini kinachogonga? Akasema, ni mawe yanajipanga. Mwanawe alikuwa ameshika koleo. Niliona viganja vyake, kamba ilikuwa imevichuna. Hakunitazama.

"Ninakuja hapa kila siku. Sikanyagi, kwa sababu mtu hakanyagi kifua cha mwanawe. Wanasema naongea na ardhi. Leo naongea na wewe, mwana wa Malogo, maana nimeambiwa kamera hizi ni zako na kwamba huko mjini utaniona, upende usipende."

Ni hayo, kaka.

Tumefanya kazi chumba kimoja miaka sita. Viganja vyako nimeviona. Uliniambia ni mafuta ya kukaangia. Na barua yako ya tarehe kumi na nne ninayo hapa mezani: mara tatu, kimya, mara tatu. Uliandika hivyo kabla mama hajamwona bibi, na kabla mtu yeyote hajaniambia neno.

Sauti ipo, sivyo? Maiki haikuharibika. Na Dodoma imejaa waandishi, lakini ulinitafuta mimi, Mrangi niliyeko milimani, kwa sababu unajua sielewi Kigogo.

Flashi sitarudisha kwanza. Mama ameiweka kwenye sanduku lake, chini ya sanda.

Shamimu


Dodoma
28 Aprili 2025

Dada Shamimu,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Pasaka imepita sikwenda kanisani, nikawaambia nyumbani naumwa.

Sauti ipo. Niliisikiliza mara moja, peke yangu, siku Abbasi aliporudi. Alikuwa amefurahi, ananiambia, "Bosi, kuna bibi mmoja ana uso wa filamu." Kesho yake nikamwambia maiki ilikuwa mbovu. Aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Ilikuwa Septemba mwaka 1999. Matonya na mimi tuliingia jando pamoja, tukatoka pamoja. Tulikuwa na miaka ishirini na mbili. Yeye alichimba, mimi nilivuta ndoo. Tulikuwa tumefika mita kumi na saba. Mchana, ukuta wa upande mmoja ukateremka. Kamba ilipita viganjani mwangu kama moto. Mpaka leo sijui kama niliiachia au ilinichomoka. Vumbi lilitoka mdomoni mwa kisima, likakaa hewani, na lilipotulia nikasikia anagonga.

Nilimwita baba. Nikamwambia twende tukaite watu. Alisimama pale akiangalia chini kwa muda mrefu, kisha akasema kuta zote zitaanguka, tutazika watu watano badala ya mmoja. Nikamwambia, "Lakini anagonga, baba." Akasema, "Ni mawe yanajipanga." Akanipa koleo.

Nikalichukua.

Mama yake alipopita na kuni nilikuwa namimina. Kila alichokisema ni kweli. Kugonga kuliendelea mpaka jua likashuka kwenye vilima vya Chenene, kukawa kwa mbali, kila mara kama kunatoka chini zaidi. Sikuwa mtoto, Shamimu. Hakuna aliyenishika mkono. Mwezi uliofuata nilihamia mjini nikajifunza kamera, na baba akapanda mizabibu ya kwanza. Pale kwenye duara alipanda mara mbili, ikakauka mara mbili, hakupanda tena.

Nataka kwenda kwake. Nimefika mpaka njia panda mara mbili nikageuza gari. Sijui nianzie wapi. Wewe ndiye mwandishi. Niandikie cha kumwambia, nikisome kama ninavyosoma vingine. Nikiwa na karatasi mkononi nitaweza.

Yotham


Haubi
5 Mei 2025

Kaka Yotham,

Siwezi. Nilikaa na karatasi siku nzima, si kwamba sikujaribu. Kila nilichoandika niliona jinsi atakavyotikisa kichwa.

Mama anakupa maneno matatu, nami nayanakili kama alivyoyasema. Nenda kwake kabla ya kwenda polisi, asije akasikia kwa mtu mwingine. Gari liache barabarani, uende kwa miguu. Na usimpeleke mchungaji akusemee.

Flashi hii hapa, naituma pamoja na barua. Maelezo yangu yote nimeyafuta, sitaki yasomwe.

Amenitazama nikiandika, sasa anasema niongeze: umwambie kwamba huku Kondoa kuna mtu amemsikia.

Shamimu


Dodoma
19 Juni 2025

Dada Shamimu,

Nilitoka mahabusu tarehe 30 Mei kwa dhamana, ndiyo maana ukimya umekuwa mrefu. Abbasi ndiye anayeendesha studio.

Nilikwenda kwake tarehe 12 Mei asubuhi. Nilimkuta anapepeta uwele mbele ya nyumba.

"Nani?" akauliza bila kuinua uso.

"Mimi Yotham, mama."

"Yotham wa nani?"

"Wa Malogo."

Aliendelea kupepeta mpaka uwele wa kwenye ungo ukaisha. Kisha akasema, "Kaa." Nilikaa chini. Nilimwambia yote, bila karatasi, kwa Kigogo, na kuna maneno yalinipotea kwa sababu ni ya tangu ujana wangu na sikuwa nimeyatumia mjini. Alikuwa ananisaidia kuyatafuta. Nikisema "kile cha kufungia kamba", ananitajia jina lake, ananiambia endelea. Hilo lilinishinda kuliko kama angenipiga.

Nilipomaliza hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Kabla ya udongo kushuka, alisema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi sikuwahi kulisema hata kwenye sala. "Alipiga kelele kutoka chini," nikamwambia. "Alisema, yamefika! Alikuwa anacheka. Akasema, vuta ndoo uone."

"Maji?"

"Maji, mama."

Akaweka mkono mdomoni. "Matamu au ya chumvi?"

"Sijui. Ndoo haikufika juu."

Tulikwenda polisi pamoja siku hiyohiyo, yeye mbele na mimi nyuma. Nilitoa maelezo yangu. Baba walimchukua jioni. Alikana, akasema mimi nimechanganyikiwa na mambo ya mjini. Sasa yuko nyumbani kwa dhamana kwa sababu ya umri, kesi inasubiri. Nilipokwenda kumsalimia alinigeuzia mgongo. Dada zangu pia. Sherehe ya umoja imeahirishwa, na nadhani haitakuwepo tena. Wapo wanaosema nimeharibu jina la kijiji kwa mtu aliyekufa zamani.

Amri ya mahakama ilitoka, wakafukua tarehe 10 mwezi huu. Katapila lilichimba siku mbili, mita za mwisho walichimba kwa mikono. Upepo ulikuwa mkali, baridi ya Juni, watu wamejifunika mashuka kichwani. Bibi Emilia alikaa ukingoni kwenye kigoda na shuka moja limekunjwa magotini, na sikuhitaji kuuliza ni la nani. Walimpata ameketi, mgongo ukutani, uso juu. Ndoo ilikuwa mapajani mwake. Upande mmoja ilikuwa imebonyea kabisa, kama kitu kilichopigwa kwa siku nyingi. Si kwa mchana mmoja, Shamimu. Nimewaeleza polisi saa za siku ile na wameziandika, lakini niliiona ile ndoo. Sikwambii zaidi, maana zaidi sijui.

Walimfunga ndani ya shuka lake. Tumemzika juzi kanisani kwao. Nilisimama nje ya uzio mpaka Bibi Emilia akatuma mtu aniite ndani. Nimemfikishia salamu za mama yako, mama Mwajabu. Alirudia mara mbili, "Amenisikia?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba mama yako masikio yake yalikufa zamani. Akaitikia tu kwa kichwa, kama jambo la kawaida. Anasema akipata nafuu ya miguu atakuja kumtembelea.

Nikueleze jambo moja nimalize, kwa sababu kila nikilala nalirudia. Siku ile walipokwisha kumtoa, chini kule palianza kulowa. Kufikia mchana maji yalikuwa yamekusanyika, kidogo tu, ya rangi ya udongo. Bibi Emilia akaomba kopo. Daktari wa serikali akamkataza, akamweleza kwa nini, tena kwa upole. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kopo tena. Mmoja wa wachimbaji akalishusha kwa kamba. La kwanza alilimwaga pembeni. La pili aliliacha litulie, akanywa.

Watu wote walikuwa wamesogea ukingoni. Polisi nao.

"Matamu," akasema.

Akaninyooshea kopo. Nilinywa. Yalikuwa ya chumvi, Shamimu, chumvi ya kukunja ulimi, hata ng'ombe asingeyanywa. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Matamu."

Yotham